Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vyetu: Kiebrania Si Somo la Mihula Miwili

Kwenu Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, wakuu wa vyuo vya theolojia na wajumbe wa seneti za vyuo, Tanzania, Kenya na Uganda.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi. Naandika nikiwa Mbeya, kwenye chumba chenye meza mbili na rafu moja ya vitabu, ambamo mimi na wenzangu watatu tunatafsiri Agano la Kale kwa lugha ya nyumbani kwetu. Huu ni mwaka wa saba. Kiebrania nilikisoma kwenye chuo cha theolojia ambacho sitakitaja, maana jambo lenyewe si la chuo kimoja, na walimu wangu wa pale nawaheshimu mpaka leo. Nilisoma mihula miwili, saa tatu kwa wiki, nikafanya mtihani, nikafaulu, basi. Mwaka uliofuata somo likafanywa la hiari. Mwaka wa tatu mwalimu akastaafu na hakupatikana mwingine.

Najua barua zinazofika mezani kwenu huwa za Kiingereza. Hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi, na sababu mtaiona mbele. Ombi langu ni kwamba Kiebrania kifundishwe vyuoni mwetu kama lugha kamili, yenye watu wake na historia yake, na kifundishwe kutokea Kiswahili.

Kitabu chetu cha kiada kilikuwa cha Kiingereza. Nakala halisi ilikuwa moja, ya mwalimu. Sisi tulisomea desa, fotokopi ya fotokopi. Kwa masomo mengine desa linatosha, lakini kwa Kiebrania linaua. Herufi ya dalet na herufi ya resh hutofautiana kwa pembe ndogo tu hapo juu. Neno ehad, lenye dalet, ni "mmoja". Neno aher, lenye resh, ni "mwingine". Waandishi wa Torati, wanaoinakili kwa mkono juu ya ngozi, wakifika Kumbukumbu la Torati 6:4, pale Israeli inapoambiwa kwamba Bwana ni mmoja, huiandika dalet ile kubwa kuliko herufi za jirani zake, na maelezo yanayotolewa tangu zamani ni kwamba asitokee mtu akasoma "mwingine". Kwenye desa letu pembe ile ilikuwa imeliwa na mashine. Nilikaa wiki nzima na mstari ule nisijue nasoma nini.

Mambo mengine niliyajulia nje ya darasa. Likizo moja nilikuwa nyumbani, nimekaa kizingitini nakariri maneno. Jirani yetu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ustadhi wa madrasa ya mtaani. Jioni akapita, nikamwamkia.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba, mwanangu. Tangu asubuhi nakusikia. Unakariri nini?"

Nikamwambia ni Kiebrania. Akaketi kwenye kibaraza chetu, akaweka bakora kando, akasema, "Nisomee." Nikamsomea Mwanzo 15:6 polepole, kwa sababu ndio uliokuwa mbele yangu: Vehe-emin ba-Adonai, vayahsheveha lo tsedaka.

Akaninyamazisha kwa mkono. "Rudia la kwanza." Nikarudia. "Hiyo ni amini," akasema. "Alif, mim, nun. Endelea." Nikaendelea. "Na hiyo ni hesabu. Na la mwisho?"

"Tsedaka."

"Sasa hiyo si sadaka hiyo, mwanangu?"

Nikaingia ndani nikachukua Biblia ya Kiswahili, ile tafsiri ya Union ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekulia. "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki." Amini imo. Hesabu imo. Mzizi uleule wa Kiebrania umekaa ndani ya kitenzi cha Kiswahili, kwenye mstari uleule, na sadaka imesimama nyuma ya neno haki. Nilikuwa nimetumia siku kadhaa kuyakariri maneno yale matatu kupitia Kiingereza, ambacho hakina undugu wowote nayo, wakati mama yangu alikuwa amenipa yote matatu kabla sijaanza shule.

Jioni ile ilinifurahisha, kisha ikanitia uchungu ambao haujaisha. Tulikuwa tumepelekwa Uingereza kuchukua kitu kilichokuwa tayari kinywani mwetu.

Jaribuni hapo mlipo. Hesabuni makumi: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini, mia, elfu. Kwa Kiebrania ni esrim, shloshim, arbaim, hamishim, shishim, shivim, shmonim, tishim, mea, elef. Damu ni dam. Nafsi ni nefesh. Roho ni ruah. Malaika ni malakh, mauti ni mavet, kaburi ni kever, saa ni shaa. Sisi tuna kitabu, katibu, maktaba na mkataba. Wao wana katav, yaani aliandika, na ketuba, ambao ni mkataba wa ndoa ya Kiyahudi. Barua hii ninayowaandikia ingeitwa mikhtav.

Maneno haya hatukuyapokea kwa Wayahudi. Yalitufikia kwa Kiarabu, kwa majahazi, biashara na dini, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja. Undugu huo ndio ulioizaa sarufi ya Kiebrania yenyewe. Aliyeweka wazi kwamba vitenzi vya Kiebrania vimejengwa juu ya mizizi ya herufi tatu alikuwa Yehuda Hayyuj, Myahudi aliyezaliwa Fez, Moroko, na kuishi Cordoba, Hispania, takribani miaka elfu moja iliyopita. Alijifunza kwa wanasarufi wa Kiarabu, na vitabu vyake aliviandika kwa Kiarabu. Kwa hiyo yule ustadhi kwenye kibaraza chetu, akihesabu alif, mim, nun kwa vidole, alikuwa anafanya kazi ileile ya Cordoba.

Undugu unadanganya pia, na hapo ndipo anapohitajika mwalimu wa chuo kikuu na si kibaraza peke yake. Sadaka kwetu ni kile unachotoa kwa hiari yako, kanisani au kwa maskini, na unashukuriwa. Tsedaka inatoka kwenye tsedek, haki. Katika mafundisho ya Kiyahudi anayempa maskini anatimiza wajibu, maana maskini ana fungu lake. Dini kwetu ni imani na ibada. Kwa Kiebrania din ni hukumu, na beit din ni mahakama ya marabi. Mwanafunzi aliyeachiwa njia panda hizi bila mwalimu atapotea kwa kujiamini kabisa, na huo ndio upotevu mbaya kuliko wote.

Niwaeleze kilichotokea kwenye chumba hiki cha Mbeya. Mwanzo 1:2, Biblia ya Union inasema Roho ya Mungu "ikatulia" juu ya uso wa maji. Tukaifuata. Katika lugha yetu tukaandika kitenzi cha kutulia, kama ndege aliyekwisha kutua tawini. Ukasomwa vijijini, wazee wakaukubali, tukasonga mbele. Miaka minne baadaye tukafika Kumbukumbu la Torati 32:11, kwenye wimbo wa Musa, pale tai anapokitaharikisha kioto chake na "kupapatika" juu ya makinda yake. Mwenzetu mmoja, dada aliyejifunza Kiebrania kwa bidii yake mwenyewe kwenye simu, akasema subirini. Akarudisha kurasa. Kitenzi ni kilekile. Merahefet kule, yerahef huku. Roho iliyokuwa imetulia kwenye tafsiri yetu ilikuwa, kwa Kiebrania, inapapatika juu ya maji kama tai juu ya makinda.

Tulikaa kimya wote wanne. Kisha tukaanza kubishana, ubishi mtamu uliochukua siku mbili, kwa sababu lugha yetu ina kitenzi chake cha kuku anapotanua mbawa na kuzitikisa juu ya vifaranga mvua ikikaribia. Je, kinamfaa Roho? Mzee mmoja alisema ni dharau. Mwingine akasema mama yake alikuwa akikitumia kitenzi hicho kwa mwanamke anayezunguka juu ya mtoto mgonjwa usiku kucha. Siwaambii tuliamua nini, maana mstari bado uko kwa wasomaji. Ninachosema ni kwamba ubishi ule ulikuwa haki yetu tangu siku ya kwanza, na tuliukosa miaka minne kwa sababu ya mihula miwili. Mshauri anayekagua kazi yetu hutoka ng'ambo, huja mara mbili kwa mwaka, na ni mtu mwema. Lakini lugha yetu haijui. Anaijua Kiebrania, sisi tunaijua ya kwetu, na katikati yetu kumekaa Kiingereza kama ukuta.

Tangu mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, Biblia ya Kiswahili imepita mikono mingi: ya Unguja ya 1891, ya Mombasa ya 1914, ya Union ya 1952 na zilizofuata. Ni karibu miaka 180. Na bado mwanafunzi wa Kiswahili akitaka kujua Kiebrania kimesema nini hasa, anaazima macho ya watu wengine.

Kuna madhara mengine ambayo mnayasikia kila Jumapili hata kama hamyasemi. Mhubiri anasimama na kusema, "Kwa Kiebrania neno hili maana yake ni..." na baada ya hapo anaweza kusema lolote. Hakuna wa kumuuliza. Watu wanauziwa mafuta, baragumu za pembe na majina ya Kiebrania ya kuvunja laana, kwa bei ambayo mama wa sokoni anaitafuta wiki nzima. Huyo mama hatalindwa na tamko la serikali. Atalindwa siku mtoto wake atakapoweza kumwambia, "Mama, neno hilo nalijua, na halina maana hiyo."

Hata hivyo, Waheshimiwa, kama nimewaachia picha kwamba Kiebrania ni chombo cha kuisomea Biblia tu, nimekosea, na kosa hilo ndilo kubwa kuliko desa. Kwenye darasa letu Wayahudi waliishia mwaka 70, Hekalu lilipoanguka. Baada ya hapo hawakutajwa. Hatukusikia Mishna wala Talmudi, vitabu vya sheria na mafundisho ya marabi. Hatukusikia kwamba Musa bin Maimun, tabibu wa Cairo, aliandika falsafa yake kwa Kiarabu kwa herufi za Kiebrania. Hatukusikia ile ghala ya makaratasi chakavu katika sinagogi ya Ben Ezra kule Fustat, Cairo ya kale, ambayo sehemu yake iliyoko Cambridge peke yake inapita vipande 190,000: barua za wafanyabiashara, hati za talaka, hesabu za madeni, madaftari ya watoto wanaojifunza kuandika. Humo mna barua za wafanyabiashara Wayahudi wa karne ya 12 waliokuwa wakisafiri kati ya Aden na pwani ya Malabar, India, wakifuata pepo za msimu, pepo hizihizi zilizojenga Kilwa na Mombasa. Waliandika Kiarabu chao kwa herufi za Kiebrania, kama mababu wa Lamu na Pate walivyoandika tenzi zao za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nani angefaa kuzisoma barua zile kuliko kijana wa Pwani aliyezoea maandishi ya kulia kwenda kushoto tangu utotoni? Lakini kijana huyo hayumo darasani, kwa kuwa Kiebrania kimefungiwa kwenye vyuo vya wachungaji.

Tuko pale Ulaya ilipokuwa zamani. Mfalme Henry wa Nane aliweka kiti cha profesa wa Kiebrania Cambridge mwaka 1540 na Oxford mwaka 1546, wakati Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290 na hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya karne ya 17. Yaani lugha ilisomwa na wenyewe wakakatazwa kuwapo. London ndiko mlango ulikofunguka kidogo: chuo kipya kisichouliza mtu dini yake kilimpa Hyman Hurwitz, Myahudi, uprofesa wa Kiebrania mwaka 1828. Kule Berlin, Leopold Zunz alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1818, kwamba maandiko ya Wayahudi ya baada ya Biblia yanastahili kusomwa kwa kipimo kilekile cha elimu nyingine zote. Mwaka 1848 akaomba chuo kikuu cha pale kiwe na profesa wa historia na fasihi ya Kiyahudi. Akakataliwa. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1920, Chuo Kikuu cha Kiebrania kilipofunguliwa Yerusalemu mwaka 1925 na Harvard ikapata kiti cha masomo hayo mwaka huohuo. Sisi hatuna haja ya kungoja karne nzima kufika pale walipofika wengine.

Na watu wenyewe si wa mbali. Sinagogi ya Nairobi iko kwenye njia panda ya Uhuru Highway na University Way. Jina la barabara linajieleza: chuo kikuu kiko pale pale. Nilipokwenda Nairobi kwa semina nilisimama nje ya uzio wake Ijumaa jioni, wanafunzi wakipita makundi kwa makundi kwenda kupanda matatu. Nikamuuliza mmoja kama anajua jengo lile ni la nini. Akasema ni kanisa la wazungu. Sikumlaumu. Wayahudi walijenga sinagogi yao ya kwanza katika mji ule kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hakuna aliyemfundisha.

Karibu na mji wa Mbale, Uganda, jirani na Mlima Elgon, wako Abayudaya, jamii ya Waafrika wenye dini ya Kiyahudi. Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha akaachana nao, alisoma Biblia ya Kiganda mpaka akafikia uamuzi wake mwaka 1919: atashika Torati kama ilivyoandikwa. Akatahiriwa, akawatahiri wanawe. Jamii ile imepita mengi, ikiwemo miaka ya Idi Amin walipokatazwa kuabudu. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alitaka kuwa rabi. Alisomea wapi? Los Angeles, na akapokea daraja hilo mwaka 2008. Kijana wa Mbale alivuka bahari mbili kwenda kusoma Talmudi, wakati kati ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam tuna vyuo vikuu vya kujaza ramani.

Halafu kuna Uasin Gishu. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea viongozi wa Kizayuni, waliokuwa wakitafuta nchi ya Wayahudi, ardhi huku Afrika Mashariki, na baadaye uwanda ule ndio uliotajwa, katika mpango ambao watu wengi bado wanauita "mpango wa Uganda" ingawa eneo lenyewe leo liko Kenya. Kongamano lao la Basel, Agosti mwaka huo, lilipiga kura 295 kwa 178 kupeleka ujumbe ukaikague, na miaka miwili baadaye pendekezo likakataliwa. Waliokuwa wakiishi pale na kuchunga ng'ombe wao hawakuulizwa na yeyote. Hii ni historia yetu, ya Eldoret na viunga vyake, na leo kuna vyuo vikuu vimesimama juu ya ardhi ileile. Lakini mjadala wenyewe, magazeti yake na barua zake, yako kwa Kiebrania, Kijerumani na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mwanahistoria wetu anausoma kwa muhtasari wa Kiingereza ulioandikwa na mtu mwingine kwa haja zake.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike kwa Kiswahili. Mwaka 1913 shirika la Wayahudi wa Ujerumani lililokuwa likijenga chuo cha ufundi Haifa, Technion, liliamua kwamba sayansi pale zifundishwe kwa Kijerumani. Sababu zilikuwa zilezile tunazozijua: Kiebrania hakina istilahi, hakina vitabu, mhitimu atakwama duniani. Walimu na wanafunzi wa shule za shirika lile wakagoma. Uamuzi ukageuzwa mwaka uliofuata, vita vikachelewesha mambo, na masomo yalipoanza mwaka 1924 yalikuwa kwa Kiebrania. Lugha hiyo wakati ule waliokuwa wakiizungumza nyumbani walikuwa wachache mno. Ilikuwa imeishi karne nyingi kwenye sala, sheria, mashairi na barua, haijawahi kuitwa ieleze injini.

Walipata wapi maneno? Chukueni moja tu. Ezekieli, katika maono yake, anaona katikati ya moto kitu kinachong'aa ambacho Kiebrania kinakiita hashmal. Biblia ya Union imeandika "kaharabu", yaani utomvu wa mti uliogeuka kama jiwe linalong'aa. Wagiriki waliotafsiri Agano la Kale zamani waliandika elektron, jina lao la kaharabu, ambamo Wazungu walikuja kuchota jina la umeme. Karne ya 19 mshairi Yehuda Leib Gordon akalichukua neno la Ezekieli, akaliita umeme hashmal, na leo mtoto wa Tel Aviv akizimiwa taa anasema hakuna hashmal. Waarabu nao wanauita umeme kahrabaa, kaharabu yuleyule. Sisi tukatazama mawinguni tukasema umeme. Napenda sana kwamba lugha hizi zilikutana kwenye swali moja na kila moja ikaingia kwenye ghala yake.

BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, iko tangu 1967. Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya UNESCO, na Kiebrania leo kina takribani milioni 9. Chuo cha milioni 9 kinafundisha fizikia kwa Kiebrania, na sisi tunafundisha hata fasihi ya Kiswahili huku makatibu wakiandika kumbukumbu za vikao kwa Kiingereza. Idara ya Kiebrania iliyokaa jirani na idara ya Kiswahili ingekuwa na mengi ya kusema kuhusu jambo hilo, na isingesema kwa nadharia.

Najua mtakayoniuliza, maana nimekwisha kuulizwa na baadhi ya wenzenu ana kwa ana.

Kwamba ni siasa. Kwamba ukifungua idara hii leo, wako watakaosema umechukua upande. Nalijibu kwa uzito wake. Oktoba 2023 vijana wawili wa Tanzania waliokwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo waliuawa katika shambulio la Hamas. Gaza ikafuata, na vifo ambavyo hesabu yake inaumiza kuitamka. Muda wote huo, habari za watoto wetu wenyewe zilitufikia zikiwa zimepita kwenye lugha ya tatu. Asiyejua Kiebrania wala Kiarabu hawezi kusoma serikali ile inasema nini kwa watu wake, wala hawezi kuwasoma Waisraeli wanaoipinga serikali yao kwa Kiebrania hichohicho, kwa hasira na kwa machozi. Anabaki na bendera mbili na kelele. Kusoma lugha ya watu si kuapa kiapo chao. Wekeni Kiebrania na Kiarabu kwenye idara moja, wanafunzi wasome vyote viwili, na mtakuwa na wahitimu ambao wizara ya mambo ya nje itawatafuta.

Kwamba ni ghali. Siyo kama zamani. Matini yote ya Biblia ya Kiebrania, kutoka hati ya mkono ya mwaka 1008 iliyoko Saint Petersburg, inapatikana bure kwenye intaneti. Talmudi iko bure. Picha za makaratasi ya Fustat ziko bure. Tunachokosa ni mwalimu, na mwalimu anatengenezwa: pelekeni watu watatu wakasome, kwa mkataba wa kurudi na kufundisha, kama mnavyofanya kwa udaktari na uhandisi.

Kwamba hakuna ajira. Nimekutana Arusha na waongoza watalii wanaojifunza Kiebrania kwa masikio, wanaandika maneno nyuma ya risiti, kwa sababu wageni wanakuja. Na sisi watafsiri tupo, tena lugha zisizo na Agano la Kale bado ni nyingi katika nchi zetu.

Ninachoomba kwa vitendo ni miaka mitatu ya lugha badala ya mihula miwili, Kiebrania cha Biblia pamoja na kile kinachozungumzwa leo. Milango iwe wazi kwa mwanafunzi wa dini yoyote na asiye na dini, Muislamu wa Unguja akae dawati moja na mseminari wa Makambako. Somo la historia ya Wayahudi lisiishie mwaka 70, na lifundishwe pia na Wayahudi wenyewe. Mbale si mbali. Zaidi ya yote, kitabu cha kiada na kamusi ya Kiebrania kwa Kiswahili, iliyopangwa kwa mizizi, ili mtoto akifungua alif-mim-nun akute amini imekaa pale inamsubiri.

Hiyo kamusi nimeianza. Ni daftari mbili za kaunta, kwa kalamu ya bluu, maneno ya Kiebrania upande wa kulia na ndugu zao wa Kiswahili upande wa kushoto. Wale wanaodanganya, kama din, nimewapigia mstari mwekundu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa jina la ustadhi, kwa kuwa maneno matatu ya kwanza ni yake. Ina makosa, na ninahitaji watu wanaojua kuliko mimi wayasahihishe. Chuo chochote kitakachofungua darasa hilo Oktoba, nitazileta mwenyewe kwa basi.

Wenu mtiifu,

Mtafsiri, aliyekuwa mwanafunzi wa mihula miwili
Mbeya